Ijumaa ya Kufungasha Ofisi

Ziwa lilipofika kwenye kizingiti cha ofisi yetu ndipo wakubwa walipokubali kwamba lazima tuhame. Kabla ya hapo tulikuwa tukiambiwa tuvumilie, maji yatarudi yalikotoka. Hayakurudi. Yalichukua kwanza michikichi ya ufukweni, yakachukua choo cha nje, mwisho yakaingia uani, pale ambapo wanawake waliokuja kuniona walikuwa wakikaa kwenye benchi kusubiri zamu yao. Masika yale tuliingia kazini kwa kupita juu ya mbao zilizolazwa kwenye matofali, viatu mkononi, na aliyeteleza alishinda siku nzima na nguo mbichi.

Mimi ni afisa ustawi wa jamii. Hapa Ujiji wengi hawalijui jina langu, wananiita Mama Ustawi, na mume wangu ambaye ni mwalimu wanamwita Baba Ustawi, jambo ambalo halijawahi kumfurahisha. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni habari za kupigwa. Wanakuja wanawake waliovunjwa taya, watoto waliochomwa vidole kwa kudokoa mboga, vikongwe waliofungiwa ndani na watoto wao wenyewe kwa kuitwa wachawi. Wanakaa mbele yangu, wanasimulia, nawasikiliza, kisha tunatafuta la kufanya. Mara nyingine lipo. Mara nyingine hakuna, na mtu anarudi kulekule alikotoka, nami narudi nyumbani kupika.

Chumba changu kilikuwa cha mwisho kwenye korido, upande wa ziwa. Wenzangu walifungasha vyao asubuhi moja tu wakamaliza, maana vyao vilikuwa karatasi na kalenda za zamani. Mimi nilikawia. Kila nilichoshika kilikuwa na mtu ndani yake. Ukutani palikuwa na doa la chai ambalo rangi mbili zilizopakwa juu yake zilishindwa kulifuta. Mwanamume mmoja aliwahi kuirusha chupa ya chai akimlenga mama mkwe wake, ikapita kando ya sikio langu ikapasukia pale. Kiti cha wageni kilikuwa na mguu uliofungwa kwa waya, kwa sababu ndugu wawili waligombea urithi wakakitumia kupigania. Na kwenye droo ya chini ya meza, ile inayokwama mpaka uipige teke, nilikuwa nimehifadhi vitu ambavyo watu waliniletea kama ushahidi kisha wakakataa kuondoka navyo. Palikuwa na mkanda wa kiume wenye kichwa cha chuma, kipande cha mchi, na jino la mtu mzima lililofungwa kwenye karatasi.

Siku hiyo alikuwepo fundi seremala tuliyempangia kazi ya kung'oa rafu na makabati. Alikuwa mtu wa Buzebazeba, mwembamba, mwenye maneno mengi. Alichungulia droo yangu.

"Mama, hili jino la nani?"

"La dada mmoja. Mumewe alimng'oa kwa ngumi."

"Sasa unahama nalo?"

"Sijui nifanye nini nalo, fundi."

"Litupe ziwani."

"Wewe ungetupa?"

Akalitazama tena, akafikiri. "Mimi ningelizika," akasema, akarudi kwenye makabati yake.

Nililitia kwenye boksi pamoja na vikombe vya chai, nikajiona kama mtu aliyechanganyikiwa, lakini sikupata mahali pengine pa kuliweka.

Ilikuwa Ijumaa. Kuelekea adhuhuri gari la mizigo lilijaa, wenzangu wakapanda juu ya meza na viti vyao wakaondoka kwenda ofisi mpya, kule mlimani ambako maji hayawezi kufika. Waliniambia watarudi kunichukua mimi na vitu vyangu. Fundi naye alikuwa ameshalegeza kabati langu kubwa la chuma. Lilikuwa limefungwa ukutani kwa skrubu ndefu, sasa lilisimama lenyewe, limeegemea kidogo.

"Usiliguse hili," akaniambia akinawa mikono kwenye ndoo. "Limebaki halina kitu cha kulishika. Naenda kuswali, nikirudi tunalilaza na vijana."

Aliacha nyundo yake na bisibisi dirishani. Nikamsikia akipita juu ya mbao, akaitikia salamu za akina mama wanaouza dagaa nje ya ukuta wetu, kisha kukawa kimya. Ujiji saa ya swala ya Ijumaa mitaa hukaa bila wanaume. Mimi ni Mkristo, Mha wa upande wa Kasulu, lakini nimeishi hapa muda wa kutosha kuipenda saa ile. Maduka yanafungwa nusu mlango, pikipiki zinanyamaza, unayasikia mawimbi. Nikachomoa droo ya juu ya meza, nikaikumbatia kifuani ikiwa na vitu vyake vyote, nikawa natafuta boksi la kuimiminia.

"Hodi."

"Karibu," nikaitikia kabla sijageuka.

Alikuwa amesimama mlangoni, suruali amekunja mpaka magotini, kandambili mkononi. Nilimjua. Alikuwa fundi wa injini za boti, kijana wa miaka thelathini na kitu, mwenye mabega ya watu wanaobeba injini peke yao. Mara mbili alishawahi kukalia kile kiti changu chenye waya, mara zote mbili kwa sababu ya mke wake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu, ila unaona tunahama. Njoo Jumatatu, ofisi mpya."

"Naona mnahama. Nimekuja kusaidia. Umeachwa peke yako na mizigo yote hii?"

Alisema kwa upole kabisa. Nimesikia upole wa aina hiyo mara nyingi kazini kwangu na ningepaswa kuogopa palepale, ila mwili wangu ulikuwa umechoka na meza ilikuwa nzito. Kabla sijajibu alishaishika upande mmoja.

"Nishikie huku, tuisogeze mlangoni, gari likija ni kutoa tu."

Nikaweka droo juu ya boksi, nikashika upande wangu. Tukaibeba pamoja. Tulipofika mlangoni aliuzungusha upande wake, akausukuma mlango ukafunga, akaikandamiza meza kwenye mlango kwa kiuno. Halafu akajifuta mikono kwenye shati.

"Sasa," akasema, "mke wangu yuko wapi?"

Niseme kidogo habari za huyo mke. Alikuwa binti wa Ilagala, ameolewa mdogo, ana watoto watatu wanaofuatana. Wiki chache kabla ya siku ile alinijia alfajiri akiwa amefunga mkono wake wa kulia kwa kitenge. Nilipokifungua, ngozi ilitoka na kitenge. Alikuwa amechelewa kupakua chakula kwa sababu mtoto mdogo alikuwa na homa. Mumewe aliukamata mkono ule akauzamisha kwenye sufuria la mawese yaliyokuwa jikoni yakichemka, akaushikilia humo, akimwambia ahesabu kwa sauti. Aliponisimulia hakulia. Alilia tu alipofika kwenye kuhesabu.

Nilimpeleka hospitali, nikampeleka polisi, na mwanamume yule akawekwa ndani siku kadhaa kisha akatoka kwa dhamana. Kwa wazazi wake Ilagala tusingeweza kumpeleka, ndiko mume angekwenda kwanza, na kweli ndiko alikokwenda, akavunja mlango. Nikampeleka yeye na watoto Kidahwe, kwa mjane mmoja mkulima ambaye ana nyumba kubwa na mbwa wakali na hapendi maswali. Tuliojua ni mimi na mjane basi.

Kwa hiyo aliponiuliza mke wake yuko wapi, jibu nilikuwa nalo mdomoni.

"Siwezi kukuambia," nikasema.

"Sijakuuliza kama unaweza. Nimekuuliza yuko wapi."

"Kesi iko mahakamani. Subiri."

"Watoto ni wangu."

"Ni wako."

"Nyumba yangu inanuka. Hakuna mtu wa kufua, hakuna wa kupika. Watu wananicheka gatini. Kijana ninayemfundisha kazi ananicheka. Unajua wanasema nini? Wanasema mke wangu amechukuliwa na mwanamke."

Alikuwa anatembea huku anasema. Chumba kile hakikuwa na nafasi ya kutembea, kimejaa maboksi, kwa hiyo akawa anayapiga mateke yampishe. Alipofika dirishani aliiona nyundo. Sijui kama alikuja na nia ya kupiga. Mahakamani alisema hakuwa na nia, alisema vile vitu vilikuwa vimekaa tu pale. Inawezekana. Ninachojua ni kwamba aliichukua kama mtu anayechukua kitu chake, akaipima uzito kwenye kiganja.

"Weka chini hiyo," nikamwambia kwa sauti ninayoitumia kwa wote.

Akapiga kioo cha dirisha. Hakukitazama hata, alinitazama mimi. Vioo vikamwagikia maboksi. Akapiga kiti, mguu wenye waya ukatoka. Akapiga ukuta, plasta ikadondoka. Kila kipigo kilikuja karibu yangu kuliko kilichotangulia, na mimi nilikuwa nikirudi nyuma bila kujua narudi wapi, mpaka mgongo wangu ukagusa chuma baridi cha kabati. Njiani nilikuwa nimeikwapua ile droo, nimeishika mbele yangu kwa mikono miwili.

"Yuko wapi?"

Nikapiga kelele. Nilipiga kelele kwa Kiha, nikimwita mama yangu aliyekufa zamani. Nilishangaa kuisikia sauti yenyewe, sikujua kama ninayo.

Nyundo ilishuka kwenye droo kwanza. Mbao ilipasuka katikati, vikamwagika kalamu, pini, miwani yangu ya akiba, dawa za kichwa. Nilibaki nimeshika vipande viwili. Mara ya pili ilinipata mkono wa kulia, juu kidogo ya kiganja. Sikusikia maumivu, nilisikia mlio, kama unapovunja kuni kavu kwenye goti, na vidole vikaacha kunitii. Mara ya tatu ilinikwaruza kichwani kwa sababu niliinama, ngozi ikachanika juu ya sikio, jicho moja likajaa damu.

Watu huniuliza uliwaza nini. Hudhani kwamba mtu wakati ule huwaza watoto wake au Mungu. Mimi nilikuwa na hasira. Nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo hata siku moja kazini, na kazini tunafundishwa kutokuwa nayo. Niliona sufuria la mawese. Niliona yule binti akihesabu. Huku mkono wangu mzima ukiwa nyuma ya mgongo umeshika ukingo wa kabati, nikakumbuka kwamba halina kitu cha kulishika.

Nikajitupa pembeni na kulivuta kwa nguvu zangu zote.

Lilianguka polepole mwanzoni, kama linasita, halafu likaanguka lote. Aliinua mkono kulizuia. Lilimkalisha chini, likamlalia mapajani, milango yake ikafunguka na mafaili yaliyosalia yakamfunika. Sauti aliyoitoa haikuwa neno. Nyundo ilimtoka. Niliiokota kwa mkono wa kushoto.

Nilisimama juu yake. Nakumbuka alinitazama, akaweka viganja vyote viwili mbele ya uso wake, vile anavyofanya mtu anayejua hasa kipigo kinatoka upande gani, na nikafahamu kwamba hakujifunzia hayo ukubwani. Niliinua nyundo. Mkono wa kushoto hauna shabaha, lakini kichwa kilikuwa karibu. Nilibaki hivyo, sijui kwa muda gani, naitazama njia ya nywele iliyokatwa vizuri kwenye kichwa chake, kazi ya kinyozi wa siku ileile. Kisha nikaitupa nyundo nje kupitia dirisha lililovunjika, ikatumbukia majini, nikaisukuma meza kwa nyonga ikasogea kidogo, nikauvuta mlango kadiri meza ilivyoruhusu, nikajipenyeza.

Kwenye mbao za uani niliteleza. Nilianguka ubavu, maji yakanifunika nusu, yakawa mekundu kunizunguka. Akina mama wa dagaa walikuwa wameshaingia uani kwa zile kelele. Mmoja wao, mama mnene ambaye kila siku tulikuwa tunabishana juu ya bei na vipimo, alinifuata majini na nguo zake akanishika kwapani.

"Nani, Mama Ustawi? Nani?"

Nikaonyesha ndani. Hilo lilitosha.

Swala ilikuwa imekwisha. Wanaume walikuwa wanamiminika barabarani na kofia na kanzu zao, na yale mayowe ya akina mama yaliwavuta wote upande wetu. Walisukuma mlango, meza ikarudi nyuma, wakalinyanyua kabati. Nilifikiri wanamtoa. Walimtoa, ndiyo, lakini kwa miguu, kichwa kikigonga kizingiti, na walipomfikisha uani wakaanza.

Nimeandika habari za vipigo nusu ya maisha yangu na nilikuwa sijawahi kuona watu wengi wakimpiga mmoja. Kwanza ni mateke. Hayana mpangilio, watu wanapigana vikumbo kupata nafasi. Halafu mtu mmoja anashika ubao, na kila mtu anaangalia kama na yeye atapata ubao. Walikuwa na mbao zetu za kukanyagia. Walikuwa na matofali yetu. Maji yaliruka kila kipigo kilipokosa. Watu niliowajua walikuwa pale, muuza vocha, fundi cherehani, baba mmoja aliyewahi kuja kwangu kuomba ushauri juu ya binti yake. Nyuso zao zilikuwa zimekuwa uso mmoja. Yule fundi seremala alikuwa kando, mikono kichwani, anarudia tu, "Nyundo yangu, jamani, nyundo yangu ndiyo hiyo aliyotumia."

Kisha nikamwona mtu anapita na dumu. Ni dumu la njano, la petroli ya injini za boti, kila nyumba ya pwani hii inalo.

Mama wa dagaa alikuwa amenifunga kichwa kwa khanga yake. Nikajing'oa mikononi mwake. Sikuwa na mpango. Nilitembea kuingia katikati yao, jiwe likanipata mgongoni, aliyelirusha akasema "samahani, mama" kama tumegongana sokoni. Nilipofika kwa yule mwanamume alikuwa amelala kifudifudi kwenye maji ya kina cha kiganja, uso ndani. Nikamgeuza kwa mguu apate hewa. Halafu, kwa kuwa sikuona njia nyingine, nikamkalia.

Mimi si mwembamba. Nilikaa juu ya kifua chake, mkono wangu uliovunjika mapajani, damu inanidondoka kidevuni.

"Mama, toka hapo," akasema mwenye dumu.

"Sitoki."

"Huyu amekuja kukuua."

"Najua alichokuja kufanya. Mimi ndiye niliyepigwa, si nyinyi."

"Toka, mama. Tusije tukakuunguza bure."

"Sitoki. Mpigieni simu askari."

"Askari watamwachia kesho," akadakia mwingine. "Si walishamwachia?"

Hakuwa anasema uongo. Chini yangu nilikuwa nikiusikia moyo wa yule mwanamume ukigonga, haraka haraka, kama wa kuku aliyeshikwa. Nilimchukia. Nataka hili lieleweke, maana baadaye watu walinisifia huruma. Sikuwa na huruma naye hata chembe. Ila nilijua kitakachofuata kama wangewasha moto. Watoto watatu wangekua wanaambiwa baba yao alichomwa uani kwa Mama Ustawi, na kila mwanamke anayepigwa Ujiji angefikiri mara kumi kabla ya kuja kwangu, akiogopa kwamba kuja kwangu ni kumchomesha mtu.

Aliyemaliza jambo alikuwa mzee mmoja muuza nazi, mtu asiyesema sana. Alikuwa ameshika tofali. Akalitazama, akatazama kanzu yake, ambayo pindo lote lilikuwa limerukiwa na damu na tope, akasema polepole, "Tumetoka kuswali sasa hivi." Hakumwambia mtu yeyote. Akaliweka tofali chini, akaondoka. Wawili watatu wakamfuata. Mwenye dumu alitukana, akazunguka pale kidogo, naye akaenda. Waliobaki walibaki kutazama. Askari walipofika walinikuta bado nimekaa, na ilibidi waninyanyue kwa sababu nilikuwa nimeshikwa na baridi, meno yanagongana.

Hospitali waliniunga mkono kwa vyuma na kunishona kichwa. Mume wangu alikaa kando ya kitanda akisahihisha madaftari ya wanafunzi bila kuona anachosahihisha, nilimwona akiweka vema kwenye majibu yaliyokosewa. Yule mwanamume naye alilazwa wodi ya jirani, amefungwa pingu kitandani, mbavu zimevunjika na paja moja. Usiku na mchana nilikuwa nikimsikia anakohoa. Wauguzi walituhudumia sote wawili.

Mke wake alikuja. Mjane alimleta kutoka Kidahwe, amejifunika ushungi mpaka usoni. Alikaa akautazama mkono wangu wenye plasta, nami nikautazama wake, ambao ulikuwa umeanza kupona na vidole vimejikunja kama makucha. Tulikaa hivyo bila kusalimiana.

"Nimesikia uliwazuia," akasema mwisho.

"Ndiyo."

Akahamia Kiha, kama tunavyofanya wengi wetu neno likiwa zito. Akaniambia, "Ungewaacha, mama."

"Wangemuua."

"Najua. Nimesema ungewaacha." Hakuinua sauti. "Wewe ulipigwa siku moja tu. Umemkalia, umeshuka, umekwenda zako. Mimi nitakaa macho kila mbwa akibweka. Akitoka nitafanya nini? Utakuja kumkalia tena?"

Nilitaka kumweleza juu ya watoto wake, juu ya wanawake wengine, yale yote niliyoyafikiria nikiwa pale majini. Yaliponifika mdomoni yakawa madogo.

Akatikisa kichwa, si kwa hasira. Halafu akanifunika miguu kwa shuka, kwa mkono wake wa kushoto, maana sote wawili tulikuwa tumebakiwa na mkono wa kushoto, akaondoka na mjane.

Hata hivyo alisimama mahakamani. Alitoa ushahidi wa mawese bila kutetereka, na mimi nikatoa wangu wa nyundo, na mume wake akafungwa kwa makosa yote mawili. Si kifungo kidogo, wala si cha maisha. Atakapotoka, mke wake na watoto watakuwa mbali, walishahama kwenda kwa kaka yake upande wa Mpanda. Hunipigia simu mara mojamoja. Anasuka mikeka, amejifunza kusukia kushoto. Hatujawahi kuizungumzia tena siku ile, ila kila akinipigia huanza kwa kuniuliza kama nimesikia lolote kutoka gerezani, nami humwambia hapana, kisha ndipo tunaweza kusalimiana.

Nilipotoka hospitali wenzangu walinipigia kuniambia nisijali, watanifungashia chumba. Nikakataa. Mume wangu alinisindikiza. Maji yalikuwa yameshaingia korido, ndani ya chumba changu yalifika kwenye vifundo vya miguu, na maboksi ya chini yalikuwa yamelowa yakabomoka. Kabati lilikuwa bado limelala. Ukutani palikuwa na mashimo ya nyundo na michirizi yangu, imeshakuwa ya kahawia.

"Acha nifanye mimi," mume wangu akasema.

"Nishikie tu mifuko."

Nilifungasha kwa mkono mmoja. Kalamu nilizikusanya majini nikazitupa tena, zilikuwa zimekufa. Miwani ilikuwa nzima. Mafaili yaliyolowa niliyabana kwapani mojamoja nikayapeleka mwenyewe kwenye bajaji, sikutaka mtu mwingine ayaguse. Njiani kwenda na kurudi, kila mtu aliponitolea salamu nyuma yangu niliruka. Akina mama wa dagaa walikuwa wamehamia juu zaidi, kando ya barabara. Yule mnene aliniita, akanifungia dagaa kwenye gazeti, siku hiyo hatukubishana.

Ofisi mpya ni kubwa. Inanuka rangi, ina feni, na ukisimama dirishani unaliona ziwa likiwa mbali, limenyooka kama shuka, huwezi kuamini kwamba linakula nyumba za watu. Niliomba chumba chenye milango miwili nikapewa. Vitu vyangu vilikaa kwenye mifuko muda mrefu kabla sijavipanga.

Mwanamke wa kwanza kuja kwangu kule alikuwa mtu wa makamo, mwenye jicho lililovimba mpaka limefunga. Nilimkaribisha, nikavuta kalamu mpya, nikawa najifunza kuishika kwa mkono wa kushoto. Yeye hakuanza kusimulia. Alikuwa ananitazama kwa jicho lake zima, plasta yangu, mshono juu ya sikio ambao nywele hazijaota kuufunika.

"Nani kakupiga, mama?" akaniuliza.

"Mwanamume mmoja. Aliingia ofisini, kule tulikokuwa."

"Mumeo?"

"Hapana. Mume wangu ni mtu mpole."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, vile ninavyoitikia mimi wanaponiambia wameanguka bafuni, akasogeza kiti chake karibu kidogo na meza yangu.

"Sawa, mama," akasema. "Ukiwa tayari kuniambia, utaniambia."